Lenzi Iliyosogeza Minyaa

Sifa zote njema ni za Mola aliyeumba nuru kabla hajaumba jicho la kuiona, akaiamuru iingie katika kila nyumba bila kuuliza ni ya nani. Namshukuru kwa miaka aliyonipa ya kuikimbilia nuru hiyo na kamera mkononi. Namshukuru kwa macho ambayo asubuhi bado yanaona tundu la sindano, hata kama jioni yanakataa, na kwa magoti haya ambayo yakilalamika hulalamika kwa adabu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na waja wake wote wema.

Ninyi vijana wenzangu wa kazi hapa Voi, siku mliponiandalia chai ya kuniaga mliniomba niwaandikie niliyoyaona kazini, na hasa habari za ile lenzi yangu moja niliyozunguka nayo kila mahali. Nimechukua muda. Tangu niiweke kamera kabatini siku zangu zimekuwa kama ukungu wa mlima wetu wa Sagalla. Nadhani ninafagia ua, kumbe nimesimama na ufagio mkononi nikitazama jua linavyopanda ukutani. Mtanisamehe basi nikitangatanga kidogo. Habari za vyeo sina. Cheo pekee nilichopandishwa ni kuitwa Mama Picha badala ya Zuhura.

Nilianza kwa Bwana Athmani, Mungu amrehemu, aliyekuwa na studio ya chumba kimoja karibu na soko. Ukutani palikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na kando yake ngazi ya ndege. Watu wengi wa mji huu wamewahi kushuka kwenye ndege ile bila kuipanda. Siku yangu ya kwanza nilivaa buibui jipya nikidhani nitapewa kamera. Nikapewa kipande cha chaki.

"Binti yangu," akaniambia, "mwanga unaoingia mlangoni umefika wapi sakafuni?"

Nikamwonyesha.

"Piga mstari. Ukisogea, piga mwingine."

Kutwa nzima nilichora mistari. Wateja waliingia, wakakaa, wakatoka, nami nimechuchumaa sakafuni nikiufuata mwanga kama mtu anayesubiri kuku atage. Kufikia alasiri sakafu ilikuwa imejaa mistari myeupe, imekaribiana mahali fulani, imeachana mahali pengine. Bwana Athmani akavua kofia, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Haya, kazi umeshajifunza. Kesho nitakuonyesha sanduku," na sanduku ni kamera. Mpaka leo nikiingia chumba chochote, hata cha msiba, jicho langu kwanza hutafuta mstari wa mwanga uko wapi. Nimetubu mara nyingi kwa hilo, na mara nyingi nimerudia.

Kazi yangu ilishika kwa sababu ya harusi zetu. Wanawake walitaka kupigwa picha wakiwa ndani, vichwa wazi, wamejipamba, na hawakutaka mwanamume aone. Bwana Athmani akanipa kamera, akanipa na ufunguo wa chumba cha kusafishia picha, akasema, "Za ndani zibaki ndani. Hata mimi sitaki kuziona." Hakuziona kamwe. Nyote mnaofanya kazi hii leo kwa simu na kompyuta, lichukueni hilo hata mkiyaacha mengine yote. Mtu akikufungulia chumba chake, hukupewa picha tu, umepewa na ufunguo.

Miaka ikaenda. Filamu ikatoka, kamera za kidijitali zikaingia, nami nikawa na mkoba wa lenzi tatu: moja ya kuchukua chumba kizima, moja ya uso, na moja ndefu ya kuchukua vilivyo mbali. Mkoba ule ulinitesa. Mnajua upepo wetu na hili vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya sukari. Kila nikibadilisha lenzi vumbi linaingia kwenye kamera, na kila nikibadilisha jambo linanipita. Siku moja huko Sagalla, kanisa lilikuwa likifunguliwa, bibi mmoja asiye na jino hata moja akacheka kicheko ambacho sijapata kukiona tena. Mkononi nilikuwa na lenzi ya chumba, naye yuko mbali. Nilipomaliza kufunga ile ndefu, bibi alikuwa ameshafunga mdomo na anasikiliza mahubiri.

Ndipo nikainunua ile lenzi ya kuvuta. Ilikuwa imeshatumika, nikaipata kwa mpiga picha wa magari ya watalii aliyekuwa akiacha kazi na kwenda kulima vitunguu Taveta. Bei yake mtu wa kawaida angeimudu akijinyima mambo machache, nami nilikuwa mzoefu wa kujinyima. Ubavuni ilikuwa na namba: kumi na nane mwanzo, mia mbili mwisho. Ukiwa kwenye kumi na nane inachukua sebule nzima na wageni wake. Ukiizungusha taratibu mpaka mia mbili, mtu aliye ng'ambo ya barabara anakuja mpaka unahesabu vifungo vya shati lake.

Njoroge, mwenzangu wa kazi mwenye duka la picha upande wa stendi, ambaye mkoba wake wa lenzi ulikuwa mzito kama wa fundi bomba, alinicheka mbele za watu.

"Mama Picha, hiyo ni kama kisu cha kukatia mkate na kuchinjia ng'ombe."

"Njoroge, kwangu kisu ni kimoja, na kila siku tunakula."

"Lakini mkate unakuwa na damu!"

Alikuwa na haki yake kidogo. Lenzi inayofanya kila kitu haifanyi chochote kwa ubingwa. Kwenye kumi na nane, nguzo za nyumba zinapinda kwenye kingo za picha, kwa hiyo usimweke bibi harusi pembeni ukaja kulaumiwa kwa nyonga asizokuwa nazo. Ukivuta mpaka mia mbili, inataka mwanga mwingi, na kwenye kanisa lenye madirisha madogo picha inatoka na ukungu, kama aliyepigwa anaota. Nilijifunza kuwasogeza watu dirishani. Ukitembea nayo ikitazama chini, inajivuta yenyewe na kurefuka kama pua. Nikaifunga kwa mpira ule wa kufungia mafungu ya sukuma wiki, na mpira ule umetumika miaka mingi kuliko ukanda wa kamera. Vumbi nililipangusa kwa kipande cha leso ya zamani iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama sikio la sungura. Leso mpya inakwaruza. Na kila inaporefuka inavuta hewa ndani, na vumbi pamoja na hewa, kwa hiyo kwenye upepo ivute polepole. Ukiifanyia haraka nayo itakufanyia uchafu.

Lakini nawaambia kweli, ile lenzi ilinipa furaha. Nilikwenda nayo mpaka Mahoo siku za kukata ndizi, nikapiga shamba zima, kisha mkono wa mama akishika mkungu, bila kusogea hatua. Nilisimama nayo Mraru asubuhi moja ya baridi, lori zimesimama kwa sababu ya ndovu barabarani. Madereva wote wakanitazama mimi na kamera yangu kwa matumaini makubwa. Ndovu wakatoka kwenye picha wadogo kama mbegu za mpapai. Mia mbili ni namba nzuri, lakini ndovu haijui. Nilichokipata siku ile ni madereva wenyewe, wamekaa kando ya barabara wakinywa chai ya chupa, migongo yao imeelekea jua jipya, na vumbi jekundu limesimama hewani nyuma yao kama pazia la hariri. Nikiitazama picha ile leo sijui kama nilikuwapo au niliambiwa.

Nimefika kwenye jambo lenyewe, ambalo nilitaka kulikwepa.

Huko Sagalla kulikuwa na ndugu wawili. Mkubwa anaitwa Mwakio, mdogo Mwadime. Nyumba zao zilikuwa upande mmoja wa mlima, shamba la mmoja linapoishia la mwingine linaanza, na katikati mstari wa minyaa, ile miti ya vijiti vya kijani inayotoa maziwa makali. Mwakio mwenyewe alinieleza baadaye jinsi mstari ule ulivyopandwa. Baba yao alipowagawia ardhi aliwaita wazee washuhudie, kisha akawaamuru wanawe washike kila kijiti pamoja, mikono ya wote wawili juu ya kijiti kimoja, wakiingize udongoni. Walianza juu ya mlima mpaka chini. "Na alituambia tusijifute macho," alisema Mwakio, "maana maziwa ya mnyaa yanapofusha."

Mwakio alishikwa na uvimbe tumboni, akaletwa hospitali hapa mjini. Wiki zikapita. Daktari akasema uvimbe lazima uondolewe, siku ikapangwa iwe Alhamisi, na akataka damu iwekwe akiba kabla ya upasuaji, kwani damu ya aina yake ilikuwa haba. Katika ukoo wote aliyelingana naye alikuwa Mwadime peke yake. Mwadime akasema yuko tayari. Kilichobaki ni moyo wa Mwakio, maana alikuwa amekata tamaa, amegeukia ukuta, hali wala hasemi.

Mkewe Wakesho, ambaye nilimpiga picha za kipaimara cha watoto wake wote kuanzia Mghoi, akaja kwangu.

"Mama Picha, anasema amesahau nyumbani kunakaa aje. Nipigie tu picha ya boma, aone. Akiona atakuwa na nguvu ya kurudi."

Jumamosi nikapanda Sagalla kwa bodaboda, na kipande cha mwisho kwa miguu. Nyumba ya Mwakio niliiona upande wa pili wa bonde dogo. Ili nifike ilibidi niteremke mpaka chini kwenye mkondo mkavu, kisha nipande tena. Jua lilikuwa limeshapanda. Nikaona jiwe kubwa lenye kivuli, nikakaa, nikajisemea, Zuhura, lenzi ya nini basi?

Nikavuta mpaka mia mbili.

Ilikuja nzuri mno. Ukungu wa mwisho ulikuwa unaachia vilele, mabati yanang'aa kama maji, jiko la nje lina moshi mwembamba, nyuma yake minyaa ya kijani, nyuma ya minyaa nyumba ya Mwadime, na nyuma ya vyote jiwe la mlima limeinama kama mama anayefunika watoto. Vyote viko pamoja, vimesogeleana, kama vile Mungu amevikusanya kiganjani. Nilikaa pale nikipiga na kutazama, kutazama na kupiga, mpaka nikasahau kuwa kiu imenishika. Nikarudi mjini nimeridhika kama mtu aliyetoka kuswali. Sikuteremka bondeni, wala sikukanyaga shamba lile hata kwa hatua moja.

Jumapili Wakesho akampelekea mumewe picha, kubwa, imesafishwa vizuri. Mimi nilikuwapo. Mwakio aliishika kwa mikono miwili. Akaitazama kwa muda mrefu, uso ukaanza kupata rangi, nami nikamshukuru Mola kimoyomoyo. Kumbe nilishukuru mapema.

"Nani amesogeza minyaa?"

"Minyaa gani?" akauliza Wakesho.

"Hii! Iko nyuma ya jiko kabisa. Ukitema mate unaipata. Na mbaazi zangu ziko wapi? Mistari yangu yote ya mbaazi?"

"Mbaazi zilikauka, Baba Mghoi, nilikuambia. Jua limemaliza kila kitu."

"Zimekauka au zimelimwa? Mimi nimelala hapa kama gogo, na mtu anang'oa mpaka wa baba anaupanda jikoni kwangu!" Sauti yake ilikuwa dhaifu lakini wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka. "Halafu anakuja kunipea damu. Sitaki. Mwambieni daktari, damu ya huyo mtu isiingie kwangu. Heri nife na yangu."

Mnielewe vizuri, maana hili ndilo nililokaa chini kuwaandikia. Ukipiga kitu kutoka mbali sana ukakivuta, vilivyo mbele na vilivyo nyuma vinabanwa pamoja. Hatua sitini zinaonekana kama sita. Shamba lingekuwa na mbaazi, mistari yake ingemwonyesha umbali, jicho lingehesabu. Lakini ukame ulikuwa umeacha udongo mtupu, na udongo mtupu hauna cha kuhesabu. Nilikuwa nalijua hilo tangu siku za Bwana Athmani. Nililijua, nikakaa kivulini.

Nikajaribu kumweleza. Mwakio akafumba macho.

Jumatatu baada ya swala ya Alfajiri niliomba msamaha kwa Mola wangu, kisha nikapanda Sagalla tena kuomba msamaha kwa Mwadime. Safari hii niliteremka bondeni nikapanda upande wa pili kwa magoti haya haya. Nilimkuta akimnywesha maji ndama wa kaka yake. Alikuwa na mitungi minne imefungwa kwenye punda, na ndala zake zimekatika kamba moja imeshonwa kwa waya. Nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi ni mwizi," akasema.

"Mwizi ni lenzi yangu. Na miguu yangu iliyokataa kutembea."

"Lenzi haipelekwi kwa chifu, mama." Akacheka kidogo bila furaha. "Tangu azaliwe huyo mzee ni hasira mbele, kufikiri nyuma. Twende upige."

Tukatembea kwenye mstari wa minyaa kuanzia juu mpaka chini. Nilipiga kila baada ya hatua chache, kwa kumi na nane, nikiwa nimesimama penyewe. Minyaa ilikuwa mizee, mashina manene kama mapaja ya mtu, imekaa mahali pake tangu siku ile ya mikono miwili. Kutoka jikoni mpaka kwenye minyaa nilihesabu hatua sitini na tatu.

Jumanne nikampelekea. Alizitazama moja moja, akazirudisha zote kwenye bahasha kwa utaratibu kama karatasi za hakimu.

"Mama Picha, ya Jumapili ilisema hivi. Za leo zinasema vile. Shamba langu ni moja. Wewe una picha ngapi za uongo?"

Wakesho alinisindikiza mpaka langoni akilia taratibu, na mimi nikimshika mkono. Alhamisi ilikuwa kesho kutwa. Damu nyingine haikuwa imepatikana.

Jumatano asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye msala wa kuswalia nimemaliza uradi, sijainuka, jua linaingia mlangoni. Nikautazama mstari wake sakafuni. Nikawaza, kwenye sakafu ile ya studio Bwana Athmani hakunionyesha picha ya mwanga. Aliniweka sakafuni nikauona mwenyewe.

Nikampigia Mwadime simu. Akasema alikuwa ameshafika mjini tangu alfajiri, ameshuka mlima kwa miguu, yuko kwenye baraza la hospitali, na haendi kokote. Ndani hataingia kwa sababu hatakiwi, ila damu yake wataikuta hapo hapo wakiihitaji.

Nikaenda. Nikamwomba sista wa wadi aniruhusu nimtoe Mwakio nje barazani kwa kiti cha magurudumu. Akasema sawa, mradi nisimpige picha mgonjwa mwingine. Mwakio alikubali kwa sababu alichoka na ukuta. Hakujua nani yuko huko nje. Baraza lile ni refu, lina nguzo za mbao upande mmoja kutoka mlangoni mpaka mwisho, na jua la asubuhi lilikuwa linalala kati ya nguzo na nguzo vipande vipande. Mwisho kabisa, karibu na nguzo ya mwisho, alisimama mtu ametupa mgongo.

Nikavuta lenzi mpaka mia mbili, nikaiweka kamera mikononi mwa Mwakio. Nilimshikilia kiwiko.

"Baba Mghoi, tazama zile nguzo za mwisho. Zinaonekanaje?"

"Zimebanana," akasema. "Kama watu kwenye foleni. Mtu hawezi kupita katikati."

"Sasa ondoa kamera. Unadhani mtu hawezi kupita?"

Akatazama kwa macho yake. Akarudisha kamera machoni, akaiondoa tena, akairudisha. Kwa mbali mtu yule aligeuka.

Mwakio hakuondoa kamera.

"Huyo ni Mwadime."

"Ndiye."

"Amekonda." Akazidi kuibana kamera usoni. "Huyu mtu amekonda. Mashavu yako wapi? Viatu gani hivyo amevaa?" Kisha, kwa hasira kabisa, kama kwamba mimi ndiye nimemnyima mdogo wake chakula, "Nani anampikia?"

"Anabeba maji ya nyumba mbili," nikasema. "Ya kwake na ya kwako."

Akanipa kamera. "Sukuma."

Nikakisukuma kiti. Kila tulipopita nguzo alinyoosha mkono akaigusa, na kabla ya kufika nyingine palikuwa na mwendo, jua, kivuli, halafu jua tena. Alihesabu kwa sauti ya chini, kwa lugha yao. Nguzo zile zilizokuwa zimebanana kama watu kwenye foleni zikaachana moja baada ya nyingine kutupisha. Mwadime hakusogea. Alikuwa amevua kofia ameishika tumboni.

Tukafika.

"Minyaa iko pale pale?" akauliza Mwakio.

"Iko pale pale, kaka. Ingeenda wapi?"

"Ndama?"

"Amekataa majani makavu. Ana kiburi kama mwenyewe."

"Na wewe kwa nini hujala?"

"Nakula."

"Unakula nini, upepo?" Mwakio alimshika mdogo wake mkono akaugeuza, akautazama kama mtu anayenunua mhogo. "Sasa hapa damu itatoka wapi? Iko kweli?"

"Iko," akasema Mwadime. "Nyembamba, lakini iko."

Wakaanza kucheka, na Mwakio akashika tumbo kwa maumivu huku akicheka, na Wakesho, aliyekuwa ametufuata nyuma, akakaa chini kwenye sakafu ya baraza akajifunika uso kwa leso. Nilimwambia Mwakio mbele yao wote kwamba kosa lilikuwa langu, si la mdogo wake, naye akaniambia, "Basi piga nyingine. Lakini usimame hapa, karibu." Nikapiga kwa kumi na nane, niko hatua moja kutoka kwao. Kiwiko cha Mwadime kilikuwa kwenye ukingo wa picha, kikapinda na kurefuka kama ndizi, na Wakesho hajaacha kunilaumu kwa kiwiko kile. Picha yenyewe ameitundika.

Alhamisi damu ya mdogo ikaingia kwa mkubwa. Mwakio alirudi Sagalla kabla ya mvua za vuli. Nasikia mbaazi za mwaka ule walizipanda wote wawili, shamba la huyu na shamba la yule, na walipofika kwenye minyaa walikaa kivulini kila mmoja upande wake wakagawana chai.

Lenzi niliendelea nayo mpaka mwisho. Sikuilaumu tena. Ila tangu wiki ile, kabla sijaizungusha kuleta kitu karibu, nilijiuliza kwanza kama siwezi kukiendea.

Wewe uliyenisoma mpaka hapa, Mola akujaalie mwanga wa kutosha machoni na nguvu ya kutosha miguuni. Akuepushe na kumhukumu ndugu yako ukiwa mbali, na siku utakapokosea, akupe baraza refu, asubuhi tulivu, na mtu wa kukusukuma mpaka ufike alipo. Amin.